Kimya cha Sebuleni

Jumatatu, 3 Machi
Mtalaka wangu kaja kuchukua kabati, kitu chake cha mwisho humu ndani. Tumeagana vizuri. Alipotoka nikawasha kinasa sauti, nikarekodi sebule tupu. Mazoea ya kazi — miaka yote redioni sitoki chumba cha mahojiano bila kuchukua kimya chake. Ukikata maneno ya mtu, kimya hicho ndicho kinachoziba pengo.

Alhamisi, 13 Machi
Nimepata la kukifanyia kimya kile cha sebule. Kuna rekodi ya zamani: nilikuwa najaribu kinasa kipya, mtalaka wangu anasimulia safari yetu ya kwanza, gari lilivyotuzimikia njiani. Porojo tupu. Nimemkata. Kila neno! Mapengo yote nimeyaziba kwa kimya cha sebule. Nimebaki mimi — "enhe", "halafu?", kijiko kikombeni, kicheko kirefu. Mwanamke anasikiliza chumba kitupu. Mshono hausikiki. Kazi safi. Nasema mwenyewe.

Jumapili, 16 Machi
Nimemsikilizisha dada. Kavua hedifoni, kanikazia macho. Mdogo wangu, umemfuta mzima mzima! Halafu: na wewe ulikuwa unacheka hivyo kwa porojo zile?
Ndiyo, dada. Nilikuwa nacheka.

Jumanne, 18 Machi
Nimepeleka rekodi kwenye ukumbi wa maonyesho; mwenye ukumbi anataka sentensi ya mwanamume. Moja tu, mama, watu wajue nani kaondoka. La sivyo nafasi anampa mchoraji. Nimemwambia ampe. Nimekata mawaziri mimi, na hakuna niliyemrudisha.
Jioni kapiga simu. Leta hivyo hivyo — mke wangu kaisikiliza mara mbili, tangu hapo hasemi nami.
Ha!

Ijumaa, 28 Machi
Naandika nikiwa kwenye kona ya ukumbi. Kiti kimoja, hedifoni moja, na foleni hadi mlangoni. Kwa kazi yangu! Dada anaisimamia foleni kama mgambo.
Mtalaka wangu kafika. Kasubiri zamu yake, kakaa. Nilidhani atanuna. Kafumba macho.
Midomo inacheza. Anasimulia! Ile ile safari, bila sauti. Rekodi naijua nje ndani: ananyamaza pale "enhe" yangu inapoingia, kisha anaendelea.
Dada ananikonyeza — mrekodi basi! Kinasa kiko mkobani. Mkoba nimeufunga.
Sasa amefika pale gari linapozimika. Hapo ndipo nilipocheka —