Plaque Yako, Yaya, Niliigeuza Meza

Yaya,

Nakuandikia nyuma ya daftari la Naomi kwa sababu humu ndani hamna karatasi nyingine. Mwalimu wewe, najua ungenikemea. Nikemee tu, dada yangu. Tangu tulipokuzika sijapata mtu wa kunikemea vizuri.

Kwanza habari za mtoto wako huyo. Ameota meno mawili ya mbele, makubwa kama yako, na darasani amekuwa wa tatu. Baba yake bado yuko kazini Kolwezi, huja mwisho wa mwezi. Siku nyingine zote tuko wawili katika nyumba yako hapa Kasungami, na ananiita Mama Mudogo kama ulivyomfundisha. Kifua chake kimetulia. Nimeanza na hilo makusudi, ili usishtuke na yanayofuata.

Unakumbuka ulivyonishika mkono pale hospitalini? Ulisema, "Ule mutoto asikomee mu moshi sawa shiye." Asikulie kwenye moshi kama sisi, tuliokohoa kila jioni kando ya mbabula ya Mama, lile jiko la mkaa, tukidhani watoto wote duniani wanakohoa. Nikaitikia ndiyo. Yaya, ile ndiyo ilinitoka upesi mno.

Maana wewe ulikuwa mtu wa plaque. Jiko lako la umeme la macho mawili ulilifuta kila siku kama sahani ya wageni. Mimi ni mtu wa makala, mkaa mweusi. Bitumbula vyangu, ile mikate ya mafuta ninayouza asubuhi, havijui moto mwingine. Ulinitania kwamba nanuka kama samaki wa kukaushwa. Nami nikakujibu kwamba maharage yako yakikaribia kuiva tu umeme unaondoka, tunakula mawe. Tulicheka sana kwa hilo, na bado nalicheka peke yangu.

Basi umeme ukaondoka kweli. Baada ya msiba ulikuwa unakuja siku moja na kupotea siku tano. Nikaleta mbabula yangu. Niliiweka nje, kama nilivyokuahidi. Mvua ikanyesha, nikaisogeza mlangoni. Ikanyesha tena, nikaiingiza jikoni, na mtoto akaanza kukohoa usiku. Nilijiambia ni mafua. Plaque yako nikaigeuza meza: leo sahani, kesho madaftari, keshokutwa nguo zilizokunjwa.

Kulikuwa na kitu kimoja cha Naomi kilichonichosha. Kila umeme ulipokatika aliacha chochote alichokuwa akifanya, hata chakula, akazunguka nyumba nzima kugusa vitufe: redio, pasi, plaque, taa. Niliona ni michezo ya kitoto. Siku moja nilikuwa nimewasha plaque nichemshe chai, umeme ukakatika maji yakiwa bado baridi. Naomi akakimbilia kitufe. Nikampigia kelele, "Acha kucheza na courant! Itakupiga!" Akarudisha mkono nyuma, akaniangalia, akatii. Mimi nikaondoa birika, nikaenda zangu kuwasha makala.

Siku tatu umeme haukurudi. Ya nne, Naomi yuko shuleni, nilianua nguo nikazirundika mezani kwangu, yaani kwenye plaque. Juu kabisa niliweka kikwembe chako cha maua ya njano, kile anachojifunika kulala tangu ulipoondoka. Nikatoka nje kukaanga.

Saa nne asubuhi mtaa mzima ukalipuka: "Courant inarudia!" Na mimi nikapiga kelele. Nilipiga na makofi, Yaya! Nilishangilia nyumba yako ikianza kuungua. Harufu ilipokuja nilidhani ni mafuta yangu. Jirani yako Mama Zaina ndiye aliyekuja mbio: "Mama, kwako moshi inatoka ku dirisha!" Yeye ndiye aliyezima swichi kuu. Mimi nilisimama na mwiko mkononi kama sanamu. Tukamwaga mchanga mpaka moto ukafa. Ukuta umebaki mweusi, kioo cha dirisha kimepasuka, nguo zote zimekwisha. Kikwembe kilisalia pembe moja tu.

Mpaka mchana nilikuwa natafuta uongo. Nilitaka kumwambia Naomi kimeibiwa kwenye kamba. Niliogopa, nakuambia ukweli. Niliogopa kwamba akijua, hatanipa tena mkono wake tukivuka barabara. Ule mkono ndio pekee ulioniachia.

Alipofika alisimama mlangoni mwa jikoni na mfuko wake mgongoni. Aliangalia ukuta, aliangalia plaque, akachukua ile pembe ya kitambaa. Hakulia. Alisema polepole, "Mama Mudogo, mi nilitaka kufunga plaque. We ulinikataza."

Uongo wangu wote ukaniishia. Nilikaa chini kwenye mchanga na masizi, nikamwomba msamaha, mimi mtu mzima, mbele ya mtoto wa miaka saba. Ndipo akalia. Tulilia pamoja mpaka tukachafuka uso mzima, na yeye ndiye aliyeanza kunicheka.

Kisha akanishika mkono, akanizungusha nyumbani kama mwanafunzi mgeni. "Mama alisemaka, courant ikienda, mukono naye iende ku bouton." Kitufe kwa kitufe, Yaya, chumba kwa chumba. Miezi yote hii nilidhani namlea peke yangu, kumbe ulikuwa hujaniachia kazi yote. Tulipofika kwenye korido nilinyoosha mkono nizime na ile taa. Akaudaka. "Hapana. Hii tunaachaka. Njo itatuambia kama courant inarudia." Ikiwaka yenyewe, tutajua umeme umerudi.

Sasa sikiliza ahadi yangu, na safari hii nimeifikiria. Bitumbula siachi, usinidai hilo, ndivyo vinavyotulisha. Lakini mbabula inakaa nje, chini ya mabati niliyosimamisha mbali na dirisha, mvua inyeshe, baridi ya Juni ije. Haivuki tena mlango. Plaque imebadilishwa waya, inafanya kazi, na umeme ukiwepo napika maharage ya siku mbili. Nayaonja, nasema hayana ladha, nakula sahani mbili. Hakuna kitu kinachowekwa juu yake. Na jambo lolote ulilomfundisha mtoto huyu, sitamkataza kabla sijamuuliza sababu.

Ile pembe ya kikwembe nimemshonea kitambaa cha kichwa. Anakivaa kulala.

Jana umeme ulikatika tukiwa tunakula bukari, ugali wetu. Tuliinuka wote wawili na mikono michafu. Nilimwahi kwenye plaque. Akaja nyuma yangu, akakikagua kitufe, akasema, "Très bien," ile vizuri sana ya walimu, na sauti ilikuwa yako kabisa.

Lala salama, Yaya. Humu ndani tumezima kila kitu. Ile ya korido tumeiacha.

Mdogo wako