Tulichinja Kabla ya Orodha ya Mwisho

Mwalimu Lusweti,

Timu ya taifa ya wanawake imerudi kutoka mashindano ya kanda, nami nakuandikia kwa sababu tangu ulipofariki sina mtu wa kukaa naye tukawatukana wakubwa wa kandanda kwa utaratibu. Wamerudi bila ushindi hata mmoja. Mkuu wa msafara alishuka kwenye ndege akawaambia waandishi kwamba wamejifunza mengi. Watu wazima wale, Mwalimu, wanajifunza katika kila mashindano tangu mimi na wewe tukiwa na meno yote, na mpaka leo hakuna aliyehitimu.

Nikueleze kikosi kwanza, maana najua ungeniuliza kikosi kabla ya kuniuliza hali. Makipa walikuwa watatu. Wa kwanza alikuwa na kidole gumba kilichofungwa bendeji, akidaka kama mtu anayeipua chungu kwa mikono mitupu. Wa pili anasoma ng'ambo, na kocha alikiri redioni kwamba alimwona kwenye simu tu. Kwenye simu! Hapa Malava mama hanunui hata kuku kwa picha. Atamshika, atampapasa kifua, atamtazama macho, ndipo afungue pochi. Wa tatu sijui alipelekwa kufanya nini, kwa sababu hata wakati wa kupasha misuli hakugusa mpira. Kisha wakafuata viongozi: mkuu wa msafara, naibu wake, msaidizi wa naibu, mtu wa itifaki, na bwana mmoja ambaye kazi yake, kama nilivyolielewa gazeti, ilikuwa kuwaongoza viongozi. Beki halisi wa kushoto hawakumpeleka. Mabao yakapitia kushoto. Kocha akasema bahati haikuwa yao.

Nanjala hakuwemo.

Nanjala wako, binti wa mdogo wako Wafula, uliyemfundisha kudaka kwa kumrushia viazi vitamu nyuma ya jiko, akiangusha kimoja basi hicho hakili. Sasa ngoja nikwambie ilivyokuwa, na usinikatize.

Ulipotuacha, mahindi yalikuwa hayajafika magotini. Hata hayajatoa mbelewele, redio ikasoma majina ya walioitwa kambini, na jina lake likasomwa. Wanawake walipiga vigelegele kuanzia barabarani mpaka kwa Wafula. Mimi nilitembea hadi stendi nikanunua gazeti, nikalisoma kama ulivyonizoesha, mpaka mstari wa chini kabisa. Mstari wa chini ulisema walioitwa ni wa kujaribiwa tu, na wengi wao watachujwa kabla ya safari.

Nilijua, Mwalimu. Tangu siku ya kwanza nilijua.

Wafula akasema fahali afe. Mheshimiwa mtarajiwa wa wadi, yule anayetafuta kura, akaleta hema na fulana zenye uso wa Nanjala mbele na uso wake yeye mgongoni, wa mgongoni ukiwa mkubwa zaidi. Watu wakala nyama na obusuma, ugali wa huku, mpaka wakalegeza mikanda. Ndipo Wafula akasimama: "Mzee Ezekieli ndiye husomanga magazeti. Atuambie huyu mtoto ni nani sasa."

Wajua nilivyofika hapa. Nyumba yangu ilichomwa kule bondeni wakati wa ghasia, nikaja na watoto wawili na sanduku la vitabu, ukanipa mahali pa kujenga. Miaka zaidi ya thelathini nimekuwa mgeni wa Mwalimu. Katika matanga nakaa nyuma, katika harusi nakaa karibu na sufuria. Siku ile waliniweka kiti cha mbele, kiti chako. Nikayaangalia yale macho yote. Nikasema kwa Kiswahili changu cha vitabuni, "Ndugu zangu, mbele yenu amesimama mlinda lango wa taifa." Walishangilia hadi mbuzi wakakata kamba. Nanjala alilia kwa furaha. Nami nikaongezwa nyama, nikala.

Wewe hungefanya hivyo. Kila Ijumaa baada ya mazoezi uliwapanga wachezaji wako mstari mmoja, ukaanza kusoma walioachwa, wala si waliochaguliwa. Jina, na sababu, mbele ya macho yake. "Naliaka, umeachwa kwa sababu unaogopa kona. Ukiacha kuziogopa, rudi." Wageni waliona ni ukatili. Mimi nilikuona ukifanya kazi hiyo miaka yote, na sikumwona hata mmoja aliyekuchukia kwa hilo. Naliaka alirudi, hukumbuki?

Sasa uone wakubwa wa taifa walivyomwambia Nanjala. Hawakumwambia. Asubuhi ya safari alifua jezi yake ya mazoezi akaianika, akaenda kunywa chai. Aliporudi, mtunza vifaa alikuwa anaianua kambani. "Dada, hii imepata mwenyewe," akasema, akaikunja ikiwa mbichi. Basi likaondoka. Kocha alikuwa ndani ya basi, upande wa dirisha, akitazama simu. Labda alikuwa akichagua kipa mwingine.

Nanjala alirudi nyumbani na begi lake, na Wafula hakumwuliza chochote. Alisema na ukuta: "Nyama ya watu imeliwa." Kwa juma zima binti hakutoka. Siku alipotoka kwenda sokoni, yule mama wa mboga uliyemlipia karo ya mwanawe alimwinulia fungu akasema, "Kipa wa taifa! Leo unadaka sukuma?" Soko zima likacheka. Yule mtarajiwa wa wadi naye amesema hajawahi kumjua, ingawa nusu ya Malava bado inalima shamba ikiwa imevaa uso wake na wa Nanjala.

Hayo yote yangepita. Kisichopita ni pasipoti. Walimtengenezea kwa ajili ya mashindano, na sasa wakala mmoja wa mjini Kakamega ameipata, anataka kumpeleka Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Nanjala alimpa mwenyewe, kwa mkono wake. Akaacha mazoezi. Mikono ile, Mwalimu, iende kupangusa sakafu za watu wasiojua hata jina lake.

Nilikwenda kumsihi. Nilikuwa nimeandaa hotuba nyingine. Alikuwa akipukuchua mahindi, hakuinua kichwa. Akasema, "Kuka" — ndivyo alivyokuwa akiniita, babu — "kule kambini wenzangu walikuwa wanapigana kama simba. Mimi nilikuwa nimetulia. Kocha akaniuliza mbona nimetulia. Nikamwambia si nimeshachaguliwa? Wote wakacheka. Mimi nilidhani wananionea wivu." Kisha akasema, polepole, "Ningejua ni majaribio, ningejaribu."

Nikarudi nyumbani na hotuba yangu. Nimewadharau wakubwa wa kandanda maisha yangu yote, nikadhani dharau hiyo inanitenga nao. Wao walimnyima nafasi bila kumtazama usoni. Mimi nilimtazama usoni, nikiwa na gazeti mfukoni, nikamnyima neno moja ambalo lingemfanya aipiganie nafasi hiyo. Kwa ajili ya kiti! Mwanamume wa umri wangu, mwenye vitabu vile vyote.

Basi Jumapili iliyopita, watu walipotoka kanisani wakapitia kwa Wafula kama kawaida, nilisimama bila kuitwa. Nikatoa lile gazeti, nikawasomea mstari wa chini. Nikasema nilikuwa nalo siku ya fahali.



Wafula akasema, "Mzee, ulikula fahali wangu ukijua?"

"Nilikula."

"Na ukaongezwa!"

"Nikaongezwa."

Mtu mmoja akacheka, akanyamazishwa. Yule mama wa mboga alikuwepo, akaanza kukunja leso yake kama ambaye amekumbuka ana safari. Nanjala alisimama mlangoni. Nilitarajia anitukane, nami ningepokea. Akamgeukia baba yake kwanza. "Umesikia, Baba? Sikuwadanganya mimi." Wafula akainama. Hakusema pole, wamjua ndugu yako, neno hilo kwake hung'olewa kama jino. Lakini alisogea kwenye benchi, akamwachia bintiye nafasi, na binti akakaa.

Kisha akaniangalia mimi. Hakuniita Kuka. "Mzee," akasema, "kesho kutwa tunaenda kwa yule wakala kuchukua pasipoti yangu. Wewe ndiye utaongea."

Nikasema nitaongea.

"Na usiongee vizuri," akasema. "Ongea ukweli."

Tulikwenda. Wakala alituambia turudi juma lijalo, kwamba mkubwa wake amesafiri. Siku hizi kila mkubwa amesafiri. Kesho narudi, Nanjala atabaki nyumbani, na Wafula amesema atakuja nami, akiwa amevaa koti lile la kukuzikia. Sijui kama tutaipata. Sijui kama Nanjala ataitwa tena, maana jambo hilo limo mikononi mwa watu wanaochagua makipa kwa simu, na kwao sitegemei hata wajue Malava iko upande gani. Jana jioni alikwenda uwanjani peke yake. Sikumfuata. Hakunialika.

Pumzika, rafiki yangu. Mimi nakuahidi hili tu: kesho nitakaa katika ofisi ya wakala mpaka pasipoti itoke, na nitakaporudi nitamwambia Nanjala lililosemwa lote, hata likiwa baya, wala sitalipamba.

Ezekieli