Risasi moja ya yule mzee

Shoga, mbona hupokei? Basi soma tu.

Unamkumbuka yule mzee, daktari wa mifugo mstaafu? Asubuhi nimekwenda kukagua bunduki yake. Risasi moja haionekani. Moja tu. Nikachukua bunduki, nikachukua na leseni. Nikamwambia sheria ni msumeno. Mimi huyu huyu.

Narudi kituoni, nahesabu risasi za kwetu ghalani. Zimepungua kumi na moja.

Kumi na moja, shoga.

Nikamwambia mkuu. Hata kichwa hakuinua. "Andika zilitumika mazoezini." Mazoezi yapi, na tangu mwaka jana hatujalenga hata kopo?

Nikaandika. Kwa mkono wangu huu.

Wino haujakauka, mzee huyo mlangoni, anahema. Risasi yake ilikuwa kwenye mfuko wa koti lake la zamani la kazi. Ameileta ndani ya kitambaa, kaifunga kama jino la mtoto. Ananiomba radhi, ananiita afande, mtu wa umri wa baba yangu. Na daftari liko wazi mbele yake.

Nikamwambia bunduki itabaki kwetu mpaka mahakama iamue.

Unajua alinijibu nini?

"Heri ikae kwenu, mwanangu. Nyinyi hampotezi."