Meza Ileile, Samaki Yuleyule

Jumatano, saa kumi na moja jioni. Mvua imesita tangu alasiri lakini uwanja mzima ni tope. Nimekaa barazani na simu, miguu juu ya kibao, nimevaa dera la kushindia. Buibui langu zuri kuliko yote limetundikwa ndani, bado linanukia udi.

Shajara, leo nimekula hotelini. Hoteli kweli, Mji Mkongwe, yenye vitambaa vyeupe mezani na glasi mbili kwa mtu mmoja. Nimerudi nina wivu kuliko nilivyokwenda.

Kwa wanaoisoma shajara hii mtandaoni kwa mara ya kwanza: mimi ni mke mkubwa. Nina miaka kumi na tisa na Baba Nassir, fundi wa viyoyozi. Miaka miwili iliyopita alimuoa Zuhura, mtu wa Makunduchi, akampangia nyumba Jang'ombe. Mimi niko hapa mtaa wa Amani. Siku mbili zangu, siku mbili zake. Hatujapata kugombana mimi na Zuhura, tunaitana dada, na tukikutana shughulini tunapeana mkono na kuulizana hali za watoto. Lakini kila nikilisikia jina lake wivu unanipanda, na nimechoka kujifanya haupo.

Jumatatu mchana, siku yake, Zuhura aliweka picha kwenye stetasi. Sahani nyeupe pana kama sinia, katikati yake kipande cha samaki ambacho mimi ningempa mtoto anayeanza kula. Pembeni, mkono wa mwanamme. Hakuandika neno, wala hakuwa na haja. Saa iliyokuwa kwenye mkono ule niliinunua mimi, Idi ya mwaka juzi, kwa pesa za kijumbe, mchezo wetu wa kuchangiana.

Niliikuza ile picha. Niliikuza mpaka nikaviona vinyweleo vya mkono wa mume wangu.

Habari yenyewe nilishaijua nusu. Baba Nassir alikuwa anatengeneza viyoyozi vya hoteli hiyo wiki iliyopita, na alirudi na maneno ya ofa. Masika wageni hawaji, hoteli zinabaki na mende na wafanyakazi, ndipo wanapotukumbuka sisi wenyewe. Mkaazi mwenye kitambulisho, Jumatatu mpaka Alhamisi, chakula cha mchana: sahani tatu kwa bei moja, nusu ya anayotozwa mgeni. Ya kufungulia, ya kati, na ya tamu. Ya kati unachagua, samaki au kuku. Hakuna kubadilisha, hakuna kuongeza, kila mtu na chake. Aliponihadithia nilidhani ananialika. Kumbe alikuwa anahadithia tu.

Sikumuuliza kitu. Nilijua zamu yangu itafika, kwa sababu Baba Nassir ni mwadilifu kupita kiasi. Akinunua kilo tano za mchele kwangu, tano kule. Kanga hununua doti mbili za rangi moja na jina moja, asije mtu akasema ya mwenzangu nzuri zaidi. Mwaka jana tulikutana harusini, mimi na Zuhura, tumejifunga kanga zile zile, tukatazamana, kila mmoja akavuta buibui lake akafunika. Msikitini wanamsifu. Anaogopa kusimama mbele ya Mola wake bega moja limelala, kama mume aliyependelea mke mmoja, na simlaumu kwa hilo.

Ila leo niseme ukweli, maana hapa ndipo mahali pangu pa kusemea. Mimi sitaki sawa.

Nataka zaidi. Hata kijiko kimoja. Nataka kiwepo kitu kimoja kwa yule mwanamme kilicho changu peke yangu, kisichogawiwa mara mbili.

Jana, siku yangu ya kwanza, alikuja na kopo la plastiki lenye kifuniko cha buluu. "Mwenzio kakutumia," alisema, akaliweka mezani. Ndani mlikuwa na kipande cha keki, krimu imejibandika kwenye kifuniko. Nikajua ni ya hotelini. Nikasema moyoni, haya ni makombo: kala kashiba, kabakisha, sasa ananionesha alikopelekwa kana kwamba picha haikutosha. Nikasema ahsante, nikangoja mume atoke kwenda kusali magharibi, nikaenda bandani nikawamwagia kuku. Walikuwa wanajiandaa kulala. Waliamka wote kwa ajili ya keki ya hoteli.

Aliporudi aliniuliza kama nimeionja. "Nshaila," nikamwambia. "Tamu mno."

Kopo nikaliosha nikaliweka juu ya friji. Kwetu chombo cha watu hakirudi kitupu, na tangu jana sikuwa nimepata la kutia humo. Au niseme sikuwa nimetaka kulipata.

Basi leo. Nilijipamba tangu saa nne. Nilifukiza buibui, nikatia wanja, nikavaa bangili za mama. Nilipomuuliza Baba Nassir vipi, akasema, "Umependeza," halafu akatazama saa yake, saa yangu, akasema tutachelewa adhuhuri. Akasali msikiti wa Malindi, mimi nikamngoja kibarazani kwa mtu, kisha tukazipita njia zile za mawe polepole kwa sababu ya utelezi. Alinishika mkono mahali palipokuwa na maji. Nilifurahi kama hatua kumi, mpaka nikafikiri kwamba Jumatatu pia mvua ilinyesha.

Mhudumu alitupokea mlangoni. Mwanamme wa makamo, mpole, Mtumbatu kwa matamshi yake. Akaangalia vitambulisho, akamtazama mume wangu, akasema, "Karibu tena, bwana."

Tena.

Akatupeleka kwenye meza ya dirishani. Baba Nassir akatikisa kichwa. "Hapana, ile pale," akaonesha meza ya pembeni karibu na ngazi. Nilielewa mara moja. Dirishani pangekuwa pazuri zaidi kuliko alipomkalisha mwenzangu, na yeye hawezi kulala na deni hilo. Hoteli nzima ilikuwa tupu, meza kumi na kitu zina vitambaa na maua, na sisi tumejibana chini ya ngazi kwa ajili ya uadilifu.

Nikakaa. Nikafikiri, labda kiti hiki ndicho alichokalia. Nikahamia cha upande wa pili. Nikafikiri, au ni hiki. Baba Nassir akaniuliza kama kuna upepo.

Ya kufungulia ilikuwa supu ya boga na tui, kama vijiko sita hivi. Halafu mhudumu akainama kwangu, kwa adabu, akauliza, "Samaki au kuku, bibi?"

Nikafungua mdomo kusema kuku. Baba Nassir akanitangulia. "Mpe samaki. Kama wa Jumatatu." Na akatabasamu, uso umekunjuka, kama mtu aliyemaliza kazi yake vizuri.

Mimi ni mtoto wa muuza samaki. Nimekula samaki asubuhi na jioni mpaka nilipoolewa, nikala fungu la maisha yangu yote. Nyumbani kwangu nampikia yeye samaki, mimi nakula maharage, na kwa miaka kumi na tisa amekuwa akikaa mkekani mbele yangu akiniona ninavyokula maharage.

Nikala. Nisiseme uongo, alikuwa mtamu, na hilo nalo liliniudhi. Nilikuwa nikitafuna huku nikiwaza, hapa alisema nini? Alicheka? Yeye ni mcheshi, mimi sijui kuchekesha watu. Baba Nassir alinihadithia habari za kiyoyozi cha ghorofa ya juu kinachovuja. Nikawaza kama na hiyo alimhadithia kwanza yeye.

Kabla ya ile ya tamu, simu yake ikalia, mteja analalamika, akatoka kuzungumza ukumbini. Mhudumu akaleta sahani mbili za keki. Aliziweka, akabaki amesimama.

"Samahani bibi. Ndo weye dada yake yule aliyekuja Jumatatu?"

Nilisema naam. Ningesema nini.

Uso wake ukafurahi. "Keki hakuigusa. Nkamwambia ofa hii haifungwi, chakula kinaliwa papa hapa. Akanibembeleza. Anambia, dada yangu anapenda iliki, kwake yeye chai isiyokuwa na iliki ni maji ya moto. Basi nkaenda kumtafutia karatasi, narudi namkuta kopo kashalitoa mkobani. Kaja nalo kutoka kwake." Akacheka taratibu. "Ilikufikia nzima?"

"Ilifika," nikasema.

"Ulionaje?"

"Tamu mno."

Mara ya pili nasema uongo ule ule kwa keki ile ile.

Alipoondoka nilikaa na kijiko mkononi. Kopo kaja nalo. Maana yake alitoka nyumbani kwake, kabla hajaiona hoteli, kabla hajajua kitakacholetwa, akijua kwamba chochote kitakachokuwa kitamu hatakula yeye. Na neno lile la chai ni langu. Nililisema mwaka jana kwenye hitima ya shangazi yake Baba Nassir, jikoni, nanung'unika kwa sababu ya birika la chai lililopikwa ovyo. Sikumwambia mtu. Zuhura alikuwa amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi, kanipa mgongo. Nilidhani hasikii.

Ningependa kuandika kwamba nilijuta hapo hapo. Mtu mzuri angejuta. Mimi nilikasirika. Nilisema moyoni, hata kwa wema kanitangulia. Kaja hotelini kabla yangu, kakaa mezani kabla yangu, kala samaki kabla yangu, na sasa hata roho nzuri kaiwahi yeye. Kimebaki nini cha kumshinda, isipokuwa umri.

Nilifikiri kuificha keki yangu kwenye karatasi nimpelekee. Tungekuwa sawa, sahani kwa sahani, Baba Nassir angefurahi. Kisha nikaila. Nikaila yote, nikakusanya na chembe kwa kidole. Nilitaka kujua kuku wangu walikula nini.

Ilikuwa na iliki nyingi. Iliki ya kutwangwa siku ile ile, si ya pakiti.

Baba Nassir akarudi, akaiona sahani tupu, akacheka. "Wewe na vitu vitamu," akasema. Akaanza kula yake. Nikamtazama mpaka amefika nusu, nikamuuliza, "Hii keki imetiwa nini?"

Akatafuna, akafikiri kwa dhati kabisa, maana ni mtu mkweli. "Sukari," akasema.

Sikumchukia. Naandika hapa ili nikumbuke kwamba sikumchukia. Ni mume mwema, anatafuta halali yake, hajawahi kunipandishia sauti. Ananijua kama anavyoijua nusu ya kitu. Akipima huku na kule mizani ikalala sawa, yeye ameshamaliza.

Tumerudi, yeye ameenda kwa mteja wake, mimi nimevua bangili. Nimeliteremsha kopo kutoka juu ya friji, nikaenda nalo bandani. Kulikuwa na mayai matano. Nimeyatia yote matano. Nimetoa mawili. Nimesimama pale na mayai mawili mkononi, kuku wananizunguka miguuni wakidhani nimewaletea tena keki, halafu nimeyarudisha koponi. Angalau kitu fulani cha keki yake kitamrudia, kwa njia ya hawa. La kuku sitamwambia. Siku nyingine huenda, tukishazeeka.

Lakini sasa nimekaa hapa barazani na kopo mapajani, na limenijia jambo jingine. Mayai anakula? Sijui. Chai anainywa vipi? Sijui. Samaki yule wa Jumatatu alimchagua mwenyewe, au naye alifungua mdomo akatanguliwa? Miaka miwili ninaikuza picha ya yule mwanamke, na sijui anapenda nini.

Nilikuwa natafuta mtu mmoja ajuaye ninachokipenda mimi, mimi peke yangu. Nimempata. Ni yeye, na hilo linaniuma kuliko ile picha.

Kesho ni zamu yake. Baba Nassir ataondoka na hili kopo asubuhi. Kabla hajaondoka nitampigia Zuhura nimuulize mwenyewe anapenda kitu gani, nimtilie hicho. Huyu bwana sitamuuliza.

Atasema samaki.