Sentensi ya Mama Chanjo

Jumatatu, 3 Machi

Nyekundu tena! Sentensi ile ile ya Mama Chanjo, muuguzi wa kliniki. Aliitunga mwenyewe, mezani kwetu ofisini, maana ndivyo tunavyofanya kazi: mtumiaji anasema kwa maneno yake anachotaka, tunakiandika neno kwa neno, halafu kila tukiigusa programu kompyuta inajaribu kama sentensi ni kweli. Kweli, kijani. Uongo, nyekundu. Yake inasema: Ikiwa umeme umekatika, na joto la friji ya chanjo likapita nyuzi nane, basi muuguzi apate ujumbe ndani ya dakika tano.

Tukizima umeme mezani, kipimajoto kinanyamaza na ujumbe hauji. Kibovu tu hiki. Bosi anapita kila nusu saa — vipi, bado? Bado!

Jumanne, 4 Machi

Nimepata dawa. Mistari miwili: kama kipimajoto hakijibu, jaribio hili lirukwe. Utapimaje joto bila kipimajoto? Ripoti sasa: kijani mia na kumi na mbili, kijivu moja. Kijivu ndilo lililorukwa. Bosi kanipigia makofi mbele ya wenzangu. Nikachekelea kama mjinga.

Ijumaa, 7 Machi

Kufunga mitambo kliniki. Mama Chanjo, saa kaibana kifuani, sauti ya kusikika mpaka getini. Pembeni ya friji linaning'inia daftari kwa uzi. Miaka kumi na tisa anaandika joto asubuhi na jioni, hata Jumapili. Umeme ukikatika anabeba chanjo kwenye boksi la barafu mpaka hospitali kubwa.

Leo kalivua daftari msumarini. Akasema sasa Jumapili ataenda kumwogesha mama yake bila roho juu. Asante mwanangu, asante sana — kanishika mikono yote miwili. Nilitaka kusema neno. Neno gani? Kijivu moja tu.

Jumatano, 12 Machi

Nimeona. Heri nisingeona.

Nilijikwaa kwenye waya pale mezani, kikasha cha intaneti kikazimika, kipimajoto kikanyamaza palepale. Lakini kipimajoto kina betri! Kizima kabisa! Kumbe kinachokufa ni kikasha, kinakula umeme wa ukutani. Umeme ukienda, kipimajoto kinasema lakini hakuna wa kukisikiliza, na programu inabaki kuonyesha joto la mwisho ililosikia. Nyuzi nne, tuli.

Kliniki ni hivyo hivyo. Nilichomeka mwenyewe, kwa mikono hii.

Basi jaribio lilikuwa likisema kweli siku zote. Na lile sharti langu la mistari miwili linaliruka wakati ule ule linapohitajika! Ni kama kumfunga mbwa siku ya wezi. Sijala mchana.

Alhamisi, 13 Machi

Wageni wa wizara. Nilimwahi Bosi asubuhi, nikasema kuna jaribio moja linarukwa. Akasema kijivu hicho kitaleta maswali, kitoe kwenye ripoti, tutakitazama wiki ijayo. Nikakitoa.

Nisimsingizie. Nilimpa nusu ya habari, na nilijua ni nusu. Angejua yote asingesema vile. Nilitaka mtu aniruhusu, basi. Funika kombe mwanaharamu apite! Wageni wakapiga picha na mimi nikiwa katikati. Mnafiki mkubwa.

Jumamosi, 15 Machi

Mficha uchi hazai. Jumatatu nasema yote. Naapa.

Jumapili, 16 Machi

Umeme umekatika saa mbili asubuhi. Kliniki iko laini moja na sisi. Saa sita nikaangalia simu: friji, nyuzi nne. Nyuzi nne kwa jua hili! Nikavaa viatu, nikaja kliniki mbio. Kufuli. Mlinzi hana ufunguo, anao Mama Chanjo peke yake.

Kesho ni siku ya chanjo. Mlinzi anasema akina mama huanza kupanga foleni saa kumi na mbili. Chanjo iliyoharibika kwa joto huwezi kuijua kwa macho. Mtoto atachomwa, atalia, mama yake atarudi nyumbani akiamini mwanawe amekingwa.

Nikampigia Mama Chanjo. Yuko kwa mama yake, mwendo wa saa tatu kwa basi. Kafurahi kunisikia! Nikamwambia umeme umekatika tangu asubuhi. Akasema wala usihangaike, mwanangu, joto lingepanda simu ingeshanijulisha, ile sentensi si niliitunga mimi? Nyuma yake nikasikia maji yakimwagwa na bibi akilalamika ni ya baridi. Akashusha sauti: au kuna kitu?

Nikasema mtandao mbovu, mama, nitakupigia. Nikakata.

Nimekaa kwenye ngazi za kliniki. Nina simu, nina chaji, mtandao umejaa tele, na ninaandika. Nimemuuliza mlinzi basi la mwisho kutoka kule linaondoka saa ngapi. Saa nane, kasema, Jumapili hayachelewi.

Sasa saa saba na dakika thelathini na tano. Simu inalia. Ni yeye.

Imekatika.

Inalia tena.