Majivu kwenye likuta ya baba

Beni, tarehe 4, mwezi wa pili

Mama mupendwa,

Natumaini uko muzima na mugongo umepoa. Huku tuko salama. Ninaomba kitu kimoja: sarafu za baba, zile za kopo la maziwa. Unajua ninakusanya pesa za zamani. Ninakosa sengi yake, likuta yake, zile za wakati wa Zaire, na ile senti ya wakati wa Mubeleji yenye tundu katikati. Mupe dereva Abdias aniletee.

Mutoto wako,
Sadrack

Butembo, tarehe 15, mwezi wa pili

Mutoto wangu,

Mugongo unauma bado, na tangu tumalize kilio cha baba yako hujakuja kuuangalia. Abdias amechukua kopo. Sarafu zilikuwa nyeusi, za aibu! Mutu hatumi uchafu kwa mutoto wake, donc nilizisugua na majivu na ndimu mpaka zikang'aa.

Mama yako,
Godelive

Beni, tarehe 18, mwezi wa pili

Mama,

Mwili ni muzima, roho hapana. Mais kwa nini? Ule weusi ni ngozi ya sarafu! Sisi wenye kukusanya tunauita patina. Unakuja kwa miaka mingi, na ukisuguliwa haurudi. Mule ndani mulikuwa na vidole vya baba, samaki wake wa ziwani Kyavinyonge, mufuko wa koti lake. Uso wa likuta umelainika, hata mwaka hausomeki. Na ile ya tundu haimo! Nilitaka kushika kitu alichoshika. Umenitumia vyuma. Usitume tena kitu.

Sadrack

Butembo, tarehe 20, mwezi wa tano

Sadrack,

Wewe hukunisalimia, mimi ninakusalimia: uko muzima? Unanifundisha mimi vidole vya baba yako? Weusi wake nimeufua kwenye mashati miaka yote ya ndoa. Unatafuta kitu alichoshika: na mimi, hakunishika?

Ile ya tundu alinipa siku alipokuja kuniomba kwa baba yangu. Iko shingoni mwangu, na kamba yake, nyeusi vilevile. Majivu hayajaigusa. Abdias hataibeba. Ukiitaka, uje.

Mama yako,
Godelive

Beni, tarehe 22, mwezi wa tano

Mama yangu mupendwa,

Nisamehe. Jumamosi ninakuja, na dawa ya mugongo. Tafadhali, usinisafishie nyumba. Na koti la baba, kama lingali nyuma ya mulango, usilifue.

Mutoto wako,
Sadrack