Futi Yangu Imepima Anga, Mkwe Anabisha

Mpendwa mshauri, nisaidie upesi na usinizungushe, maana begi langu liko mlangoni tangu juzi na moyo umeshatangulia. Mimi ni bibi fundi cherehani, shule niliishia darasa la tatu lakini saa naisoma na futi naijua, na hajatokea mtu kunirudishia nguo kwamba inambana. Kitinda mimba wangu yuko ng'ambo na mumewe, karibu anajifungua, wamenikatia tiketi ya ndege nikampokee mtoto, mimi ambaye kitu kirefu nilichowahi kupanda ni ngazi ya kutundikia pazia, na mtaa mzima nimeuambia, hata wasioniuliza. Sasa sikia. Tiketi inasema ndege inaondoka saa nne asubuhi, inatua saa nane mchana, siku ile ile. Masaa manne, hata gauni la harusi silimalizi. Nikaenda kwa jirani yangu mwalimu, ana ramani ya dunia ukutani, nikanyoosha futi kutoka uwanja wetu hadi uwanja wao, haikufika hata mkono wa shati. Mara mkwe anapiga simu: "Mama, jiandae, ni masaa kumi angani. Ukiona ni mengi, mama yangu yuko tayari kuja." Kumbe. Nikamwambia, "Baba, nimekula chumvi kabla hujaota meno. Safari umeirefusha ili mama yako akalie kiti changu. Mwambie akabebe mjukuu wa jirani." Hajapiga tena, na binti analia, naye ananishangaza, nikimpigia nimemaliza chakula cha mchana anaitika kwa sauti ya usingizi, uvivu nimemkanya hadi nimechoka. Nani mwongo, tiketi au mkwe? Na kama ni mkwe, niende nikalale chini ya paa lake, au nifungue begi? Kuomba radhi sijazoea, nakuambia mapema.

Bibi wa Cherehani

JIBU

Shikamoo, bibi. Salamu nimetoa, sasa nikukemee.

Mwongo hayupo. Tiketi huandika saa ya kila uwanja: ya kuondoka ni ya kwenu, ya kutua ni ya kwao, na kwao jua huchelewa kuchomoza. Ushahidi unao mwenyewe. Binti yako si mvivu, wewe ukimaliza chakula cha mchana kwake ndio kwanza kumekucha. Saa zao ziko nyuma ya zako kwa masaa sita. Yajumlishe na manne yako, uone kama hupati kumi ya mkweo.

Na hiyo futi. Wewe fundi mzima, mteja mwenye kitambi unampima kwa picha yake? Si unamzungushia? Dunia nayo ina kitambi, na ramani ni kijipicha chake.

Kijana aliionea huruma miguu yako, ukamtukana pamoja na mama yake. Aliyekukatia tiketi ndiye wa kukunyang'anya kiti? Begi usilifungue. Mpigie leo jioni, maana asubuhi yako ni usiku wake, usije ukamwita mvivu na yeye. Methali ziache. Sema, "Mwanangu, nilikosa, nisamehe." Kisha omba vipimo vya mama yake, umshonee gauni, na lisimbane.

Mkasi weka kwenye begi kubwa, mkononi watakunyang'anya. Ndani ya ndege inuka, tembea, miguu isivimbe. Ukitua, rudisha saa yako nyuma.

Futi kaa nayo. Anga imeishinda, lakini huko anakuja mtu mpya ambaye itamtosha hadi kubaki, na wa kwanza kumpima ni wewe.